Baba Yangu Ana Miaka Kumi na Tisa

Mikono ya Kiilu ilikuwa bado juu. Wewe msomaji umekaa wiki nzima ukingoja toleo hili, umepalilia, umeenda soko, umeenda kanisani ukarudi, lakini yeye kijana wa watu amesimama pale pale ndani ya ofisi ya Mradi wa Vidole, Mwingi, na pingu za Inspekta Musembi zinaning'inia mbele ya pua yake.

Na alikuwa amekuja kwa jambo dogo tu. Amepata kazi ya ufundi wa magari bandarini Mombasa, aripoti Jumatatu, na huko wakamwambia alete cheti cha tabia njema. Basi. Akaja na shati ya kuazima na mama yake mzazi, Syombua wa Migwani, mjane, mwimbaji wa kwaya. Kompyuta mpya ya mradi ikalia piii, na Inspekta akaruka kama ameona nyoka.

"Afande, nimefanya nini?"

"Hiyo utaniambia wewe. Wewe ndiye Kiilu?"

"Ndiyo."

"Wa Migwani?"

"Ndiyo."

"Una miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Syombua. Si ni yule umemfungia mlango hapo nje?"

Inspekta akapiga meza mpaka kikombe cha chai kikaruka. "Inalingana! Koplo Kilonzo, kuja uone! Inalingana yote!"

Akasoma kwenye kioo cha kompyuta, kidole kikifuata maneno. "Kiilu, wa Migwani. Miaka kumi na tisa. Mama yake, Syombua. Kosa, kuiba ng'ombe. Kifungo, mwaka mmoja. Ametoroka akiwa amebakisha miezi minane. Mwaka wa 1947."

"Arobaini na saba?" Kiilu akasahau akashusha mikono. "Afande, mimi nimezaliwa sabini na mbili!"

"Mikono juu! Hapo ndipo umetushinda. Umejificha vizuri sana."

"Lakini miaka yenyewe, afande. Huyo mtu saa hii ni mzee."

"Mashine inasema kumi na tisa. Wewe umesema kumi na tisa. Mimi sikukulazimisha."

Sasa wewe mama unayesoma hapa na mtoto mgongoni, tulia nikueleze hii mashine ilikuwa ni nini, kwa sababu siku moja itafika kwenu.

Serikali ilikuwa imetangaza kwa redio kwamba mambo ya kuweka rekodi za wahalifu kwa makaratasi ya mkoloni yameisha. Sasa ni kisasa. Kila mhalifu ataingizwa kwa kompyuta pamoja na alama za vidole vyake kumi, ili mtu akiiba Kitui ajulikane mpaka Kisumu. Jambo zuri. Nani anapenda wezi? Wakaja na Landrover mbili, wakakodi duka moja kando ya barabara ya Garissa, wakapaka rangi, wakaandika MRADI WA VIDOLE kwa herufi kubwa.

Shida ilikuwa moja. Vidole havikuwa vimefika.

"Vidole ni awamu ya pili," Inspekta Musembi alikuwa akiwaambia watu. "Awamu ya kwanza ni majina."

Na zile kadi za zamani zenye alama za vidole? Zilikuwa zimekaa stoo tangu enzi ya mkoloni, na Ukambani unajua stoo zetu. Mchwa walikula vidole wakabakisha majina. Sijui wino wa vidole una utamu gani.

"Afande, nipime vidole basi!" Kiilu akasema. "Si ni Mradi wa Vidole? Chukua vyangu, linganisha na vya huyo mwizi."

"Vya huyo mwizi vililiwa."

"Na nani?"

"Usibadilishe maneno. Koplo, funga huyu."

"Na mimi naitwa Kiilu Ndolo, afande! Huyo wenu ni Kiilu peke yake!"

"Hilo Ndolo umeongeza baadaye," Inspekta akasema kwa huruma, kama mwalimu anayemrekebisha mtoto wa darasa la kwanza. "Watoro wote huongeza jina."

Pingu zikalia, kwa!

Mlango ukafunguliwa kwa bega. Syombua akaingia, leso imelegea, kitabu cha nyimbo bado kwapani. Akaona pingu. Na hapo, ndugu msomaji, likatoka lile neno.

"Uuui! Mwachilie baba yangu!"

Inspekta akageuka pole pole.

"Umesema nani?"

"Baba yangu! Nau, baba! Huyu ni baba yangu, afande, hajafanya kitu, hajawahi hata kuiba yai! Mwachilie baba yangu!"

Inspekta akakaa chini. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka, maana kusema ukweli hata yeye hesabu ya miaka ilikuwa inamkwaruza kichwani. Sasa mkwaruzo ukaisha.

"Baba yako," akasema. "Asante sana, mama. Kama ni baba yako, basi miaka arobaini na minne ya kujificha inatosha kabisa kukuzaa wewe. Koplo, andika hayo. Mtoto wake wa kumzaa amemtambua."

Koplo Kilonzo akaandika. Koplo alikuwa Mkamba wa Kitui hapa hapa, amezaliwa na kukulia hapa. Alijua vizuri kwamba kwetu kijana wa pili akizaliwa anapewa jina la baba ya mama yake, na akishapewa jina, huyo mama hamwiti tena mtoto. Anamwita baba. Anambeba mgongoni akimwita baba, anamchapa akimwita baba, anamwambia baba usikojoe hapo. Koplo yeye mwenyewe aliitwa baba na mama yake mpaka akaota ndevu. Lakini Koplo alikuwa amebakisha miezi michache astaafu, na alishaona waliokuwa wakimkosoa Inspekta wanapelekwa wapi. Akaandika kwa mwandiko mzuri.

Na Inspekta? Usiniulize. Inspekta Musembi ni Mkamba pia, lakini wa Nairobi. Kikamba chake kilikuwa cha kusalimia tu, akimaliza salamu amemaliza lugha.

"Mariamu inaenda jela saa sita," akasema. Mariamu ni ile lori ya polisi ya kubeba wafungwa, yenye madirisha ya waya. "Inangoja dizeli tu. Baba yako ataenda kumalizia miezi yake minane. Tena ashukuru hatujaongeza ya kutoroka."

"Mama," Kiilu akasema, sauti ikipasuka. "Kazi ya Mombasa..."

"Nyamaza, baba, nakutoa."

"Andika na hiyo pia," Inspekta akasema.

*

Syombua alipotoka nje alikimbilia duka la jirani, la Ubah. Ubah anauza nguo na maziwa ya ngamia, na mdomo wake ni wa bei ya jumla.

"Wamemshika?" Ubah akauliza.

"Wamesema ni baba yangu."

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Walahi, Syombua! Wewe umeambia polisi maneno ya nyumbani?" Ubah akatupa kitambaa kwenye meza. "Sikiliza. Hiyo mashine haina akili. Sisi Wasomali mtoto anabeba jina lake, la baba, la babu, mpaka huko juu kwa babu wa babu. Wale wamesema nafasi iko ya majina mawili tu, ingine kata. Sasa wanaume wetu wote wa Mwingi wamekuwa mtu mmoja. Hirsi mume wangu hapa, mashine inasema amefungwa Garissa, amefungwa Isiolo, na Wajir ameuawa. Nimemwambia, wewe maiti, shuka upakie mbuzi!"

Syombua hakucheka. "Ubah, nifanye nini? Saa sita wanampeleka."

"Huyo Kiilu wa arobaini na saba ni nani?"

Syombua akatazama chini. "Ni baba yangu."

"Tena?"

"Baba yangu baba yangu. Yule alinizaa. Kweli alifungwa zamani, tulikuwa tunasikia. Chifu wa mkoloni alimnyang'anya ng'ombe zake, akaenda akazichukua usiku akarudisha kwake. Wakasema ameiba."

"Ameiba ng'ombe zake?"

"Zake."

"Na bado anaishi?"

"Yuko kijijini Tulia. Ana kifua."

Ubah akaelewa. Hapo hata mdomo wa bei ya jumla ulifungwa kidogo. Kumtoa Kiilu mdogo ilikuwa lazima Kiilu mkubwa aonekane. Na akionekana, miezi minane si inamngoja yeye?

"Una baba wawili," Ubah akasema mwishowe, "na nafasi ni ya mmoja."

"Najua."

"Utampeleka yupi?"

"Usiniulize hivyo, Ubah."

Lori ya Hirsi ilikuwa pale nje, injini inawaka, imejaa mbuzi, inaelekea upande wa Migwani na Tulia. Syombua akapanda nyuma na mbuzi. Hakuwa ameamua kitu. Nataka ujue hivyo, usije ukamhukumu. Alipanda tu kwa sababu kukaa alishindwa.

*

Mzee Kiilu alikuwa amekaa nje ya nyumba yake Tulia, anachonga mzinga wa nyuki, anakohoa, anachonga.

"Mama!" akaita alipomwona. Maana Syombua naye alipewa jina la mama ya mzee, na kwa hivyo mzee humwita binti yake mama. "Mbona unanuka beberu?"

Syombua akamweleza. Alianza akiwa amesimama, akamaliza akiwa amekaa chini kwenye maganda ya mti, analia. Hakumwambia aje. Alimweleza tu.

Mzee akacheka. Akacheka mpaka kifua kikamkamata.

"Kutoroka? Mimi? Mama, mimi sikutoroka. Tulikuwa tunachimba silanga, bwawa la maji ya kunyweshea ng'ombe za hao hao wazungu. Askari akanituma nimtafutie ugoro. Nikatembea, nikapata ugoro, nikarudi. Nakuta lango limefungwa na askari wamebadilishwa. Nikabisha. Yule mpya akaniuliza, unataka nini? Nikamwambia nataka kuingia. Akaniambia siku ya kuona wafungwa ni Jumapili."

"Na ukarudi Jumapili?"

"Jumapili nilikuwa na kanisa."

Akaweka shoka chini. Akaingia ndani, akatoka na koti, lile la harusi na matanga.

"Baba, unaenda wapi?"

"Kumaliza kifungo changu. Huyo kijana ana jina langu, lakini deni si lake. Au unataka aende Mombasa na pingu?"

"Kifua chako, baba!"

"Kifua kitafungwa na mimi. Twende."

Syombua alitaka kumzuia. Alishika mkono wa koti. Lakini mkono wake haukuvuta, na hakuvuta kwa sababu alikuwa anamwona yule mwingine kwenye Mariamu. Mzee alimtazama, akajua, akajifanya hajui. Wakapanda gari la kurudi.

*

Dizeli ilikuwa imefika. Mariamu ilikuwa imegeuzwa mbele ya ofisi, mdomo kwa barabara, dereva anapiga gurudumu kwa mguu. Kiilu mdogo alikuwa tayari amesimamishwa mlangoni na Koplo.

Mzee Kiilu akaingia kama mtu anayeingia benki.

"Hamjambo. Mimi ni Kiilu. Nimekuja mnifunge."

Inspekta Musembi akamtazama yeye, akamtazama kijana, akamtazama mama. "Kiilu yupi?"

"Yule wa ng'ombe. Wa arobaini na saba. Huyo mliyemshika ni mjukuu wangu, mwachilieni aende kazi."

"Mzee, una ushahidi?"

"Ushahidi wa nini? Nimekubali! Ninyi huwa mnapiga watu wakubali, mimi nimekubali bure."

"Kitambulisho chako kinasema una miaka sitini na mitatu," Inspekta akasema akikigeuza. "Mtoro ana kumi na tisa."

"Nilikuwa nayo! Ikaendelea!"

Kijana mmoja wa kuandika kwa kompyuta akacheka, Inspekta akamkata kwa jicho.

"Mzee, acha nikueleze kitaalamu. Kwa mashine, mtoro huyu ameshapatikana leo asubuhi. Nimebonyeza. Kifungo ni kimoja, mfungwa ni mmoja, na tayari ninaye. Nikikuingiza wewe, nitakuwa na wafungwa wawili kwa kosa moja. Nairobi wataniuliza mwingine nimemtoa wapi."

"Basi bonyeza umtoe!"

"Kutoa ni awamu ya tatu."

Syombua akapiga magoti. Mimi nasema akapiga magoti, na hii si mambo ya hadithi, mama yeyote angepiga. "Afande, nisikilize. Nilisema vibaya asubuhi. Huyu ni mtoto wangu. Nilimzaa mimi, hospitali, na manesi wawili. Namwita baba kwa sababu ana jina la baba. Ndivyo tunavyofanya sisi. Wewe unaitwa Musembi, si ndiyo? Umepewa jina la nani?"

"La babu yangu," Inspekta akasema bila kufikiri.

"Na mama yako anakuitaje?"

Kitu kikapita kwenye uso wa Inspekta, kidogo tu, kama mtu aliyesikia harufu ya jikoni ya utotoni. Ubah, aliyekuwa ameingia na kujibanza karibu na mlango, alinyoosha shingo asikie.

"Kumbe!" Inspekta akasema. "Kumbe!"

"Umeelewa, afande?"

"Nimeelewa! Mama, nimeelewa kabisa!" Akasimama, macho yanang'aa. "Majina hayaishi! Babu akifa, jina linaingia kwa mjukuu. Mjukuu akizeeka, linaingia kwa mjukuu wake. Kumbe ninyi mna mfumo!"

"Ndiyo, afande. Sasa mfungue mtoto."

"Nimfungue?" Akashangaa. "Mama, unajua umetusaidia namna gani? Nairobi wamekuwa wakiuliza, hawa wahalifu wa zamani ambao hatukuwapata walienda wapi. Hawakwenda mahali! Wako hapa hapa, wameitwa tena! Kijana, andika ripoti. Kila jina la mtoro wa zamani, tafuta mjukuu."

Ndiyo sababu nawaambia, akina mama: ukiona mtu wa serikali hajaelewa, mshukuru Mungu. Mngoje atakapoelewa.

"Mama, inuka," Mzee Kiilu akasema, akimshika bega. "Inuka, mama yangu, usilie mbele ya watu hawa. Mama, inuka."

Inspekta akageuka kwa haraka.

"Unamwita nani mama?"

"Huyu."

"Si umesema ni binti yako?"

"Ni binti yangu. Ana jina la mama yangu. Syombua."

Koplo Kilonzo akafunga macho.

Inspekta alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta. Aliandika kwa kidole kimoja, S, Y, O. Mashine ikanguruma. Watu wote waliikodolea macho kama sufuria inayotaka kuchemka. Halafu ikalia piii.

"Syombua," Inspekta akasoma. "Wa Migwani. Mama wa Kiilu. Anatafutwa tangu 1947 kwa kumficha mtoro nyumbani kwake na kumpa chakula."

Inspekta akatoa pingu za pili kwenye droo. Aliziweka juu ya meza taratibu, na alipoongea sauti yake ilikuwa ya upole, na hiyo ndiyo ilitisha.

"Mama, nitakuuliza jambo moja. Fikiria kabla hujajibu. Inawezekana kuna Syombua wengi. Ukiniambia wewe si mama wa Kiilu, nitakuamini. Utatoka hapo, utaenda nyumbani. Lakini basi usirudi hapa kumwulizia huyu kijana, maana hatakuwa wako. Hatutakuwa na mtu wa kuzungumza naye juu yake." Akainamia mbele. "Wewe ndiye Syombua, mama wa Kiilu?"

"Usijibu!" Ubah akapiga kelele. "Syombua, nyamaza! Sema hujui Kiswahili!"

"Mama, sema hapana," Kiilu akasema. "Sema hapana uende. Mimi nitakaa hiyo miezi. Mombasa haihami."

"Sema hapana, mama," mzee naye akasema.

Syombua akainuka kutoka kwenye sakafu. Akafunga leso yake vizuri, akaikaza. Akamtazama mwanawe, yule aliyembeba mgongoni akimwita baba, mwenye shati ya kuazima.

"Mimi ndiye," akasema. "Mama wa Kiilu ni mimi. Mwingine atoke wapi?"

"Na alikaa kwako?"

"Tangu nimzae."

"Ulimpa chakula?"

"Afande, hata leo asubuhi. Uji na viazi vitamu."

"Koplo, andika. Amekubali yote."

Kalamu ya Koplo ilisimama juu ya karatasi, ikasimama, ikaandika. Pingu zikalia mara ya pili, kwa! Mama na mtoto wakafungwa pamoja, mkono wa mama wa kulia na wa mtoto wa kushoto, na jozi ya kwanza ikarudishwa kwenye droo, kwa sababu pingu za mradi zilikuwa chache. Wakatolewa nje kwenye jua. Wanawake waliokuwa wakiuza ndizi kando ya barabara wakasimama. Ubah alikuwa anatukana kwa Kisomali, na wale waliokielewa waliziba watoto masikio.

Mzee Kiilu alikuwa ameondoka ofisini bila mtu kumwona. Nani amwone? Kwa mashine hakuwepo.

Wakapandishwa. Mlango wa waya ukafungwa. Kiilu akalaza kichwa kwenye bega la mama yake, na Syombua akaanza kuimba pole pole wimbo wa kwaya, ule wa Jumapili ya pili, na sauti haikukatika.

Inspekta akapiga bodi ya lori kwa kiganja. "Haya, ondoa!"

Mariamu ikanguruma. Ikatikisika. Ikazimwa.

"Ondoa, nimesema!"

Kichwa cha dereva kikatokea dirishani, macho yametoka, kofia mkononi.

"Afande, siwezi! Kuna mzee amelala chini mbele ya gurudumu. Amevaa koti. Anasema hatoki hapo mpaka akamatwe!"